Maji yakifika hapa tunafanya nini? Mwongozo kamili wa kuiandaa jamii ya pwani kwa mafuriko ya bahari

Mkutano wa kwanza kuhusu mafuriko karibu kila mara huishia kwenye neno moja: ukuta. Mtu anasimama, anasema tujengewe ukuta, watu wanapiga makofi, barua inaandikwa, mwaka unapita. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Unaanzia kwenye mkebe wa rangi, futi ya kupimia na mpira wa maji, kwa sababu jamii isiyojua maji yalifika wapi mara ya mwisho haiwezi kujua ukuta ukae wapi, uwe na kimo gani, wala kama unahitajika hata kidogo.

Nimemwandikia yule anayeitisha mkutano: kiongozi wa mtaa, mwalimu, mhudumu wa afya, mvuvi anayesikilizwa, kijana wa kikundi cha mazingira. Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji daftari, subira, na watu watano au sita watakaobaki hata shauku ya mwanzo ikipoa.

Kwanza, kwa nini bahari inapanda

Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20. Mwendo wenyewe unaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa unapanda karibu milimita 3.7 kila mwaka. Sababu kubwa ni mbili. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya milimani, ya Greenland na ya Antaktika inayeyuka na kuishia baharini. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, linakadiria kwamba kufikia 2100 bahari itakuwa imepanda sentimita 28 hadi 55 endapo gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, zitapunguzwa sana na mapema, na sentimita 63 hadi 101 endapo zitaendelea kutolewa kwa wingi, ukilinganisha na wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014.

Ukitaja milimita tatu na nukta saba mkutanoni, watu watacheka. Waeleze hivi: bahari haitufikii kwa wastani, inatufikia siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, na siku ya dhoruba. Zile sentimita 20 zimeingia chini ya kila bamvua na kuiinua, na ndizo zinazoyavusha maji kizingiti ambacho wazee walizoea kuyaona yakiishia hatua moja nyuma yake. Kuna na mahali ambapo ardhi nayo inazama. Baadhi ya mitaa ya kaskazini mwa Jakarta, jiji la Indonesia, imeshuka kwa zaidi ya mita mbili ndani ya miongo michache, na sababu kubwa ni kuvutwa kwa maji ya chini ya ardhi. Hapo bahari na nchi kavu zinakutana katikati ya njia.

Hatua ya 1: Jueni maji yanaingilia mlango gani

Mafuriko ya pwani yana milango minne, na kila mlango una dawa yake.

Wa kwanza ni bamvua, ile maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Inatabirika, majedwali ya kupwa na kujaa huonyesha siku na saa miezi mingi kabla. Wa pili ni dhoruba. Upepo huyasukuma maji kuelekea nchi kavu, na kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaoikandamiza bahari, inaposhuka, bahari huinuka: kila hektopaskali moja (kipimo cha kanieneo) inayopungua huinua maji kwa karibu sentimita moja. Kimbunga chenye kanieneo iliyo chini ya kawaida kwa hektopaskali 50 kimeshaiinua bahari nusu mita kabla hata upepo haujafanya kazi yake. Dhoruba na bamvua zikikutana saa ileile, hapo ndipo maafa yalipo.

Mlango wa tatu husahaulika, nao ndio unaosumbua miji mingi. Mvua inanyesha wakati maji yamejaa. Mtaro unaotakiwa kumwaga baharini unakuta bahari iko juu yake, maji yanarudi nyuma na kuibuka barabarani, mita mia kadhaa kutoka ufukweni. Wa nne uko chini ya miguu: bahari ikipanda, maji ya ardhini yanapanda nayo, mashimo ya vyoo yanajaa na sakafu inatoa unyevu hata siku ya jua.

Kuujua mlango, waulizeni watu maswali ya kawaida kabisa. Yalitoka upande gani? Yalikuja taratibu au kwa kishindo? Yalikaa saa ngapi? Baada ya kuondoka, majani na miti midogo ilikauka, na kuta zikatoa unga mweupe wa chumvi? Mimea iliyokufa na unga wa chumvi ni ushahidi wa maji ya bahari. Majani yakistawi, huenda ilikuwa mvua tu iliyokosa pa kutokea.

Hili si jambo dogo. Mtaa ambao shida yake ni mtaro ukijengewa ukuta wa bahari unageuzwa beseni: mvua inaingia, haitoki. Mtaa huohuo ungefaidika zaidi na kalvati lililozibuliwa na mlango wa njia moja mdomoni mwake, unaofunguka maji yanapotoka na kujifunga bahari inaposukuma.

Hatua ya 2: Pimeni

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake, maana nyingine zote zinaitegemea.

Siku ya kwanza, tembeeni. Wachukueni wazee wawili watatu, wanawake kwa wanaume, na vijana wa kuandika. Nendeni nyumba kwa nyumba mkiuliza maji yalifika wapi, na msikubali jibu la maneno. Mtu akisema "yalifika magotini", mwambieni asimame palepale aonyeshe kwa kidole ukutani. Tafuteni pia ushahidi usiosahau: mstari wa tope, rangi iliyovimba na kubanduka, msumari ulioota kutu hadi kimo fulani, takataka zilizonasa kwenye ua. Chora mstari, andika mwaka na mwezi. Kumbukumbu za watu hutofautiana, kwa hiyo alama moja ithibitishwe na watu wawili walioiona kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ya pili, leteni mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, wa mita 10 hadi 15, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Ujazeni maji hadi ubaki uwazi wa futi moja hivi kila upande. Tieni rangi kidogo ndani ya maji ili yaonekane. Kisha angalieni urefu wote wa mpira kwa makini, mkitafuta mapovu ya hewa: povu moja lililokwama katikati linatosha kuharibu kazi ya mchana mzima. Mkiiweka ncha moja karibu na nyingine, maji ya pande zote mbili lazima yalingane sawasawa. Yasipolingana, kuna povu.

Mtu mmoja anasimama na ncha yake kwenye alama ya mafuriko, mwingine anaipeleka ncha ya pili kwenye nyumba ya jirani. Maji yakitulia, pande zote mbili ziko usawa mmoja, hata kama katikati kuna uzio au shimo. Tuseme alama iko sentimita 40 juu ya sakafu ya nyumba ya kwanza, na mpira unaonyesha kwamba sakafu ya nyumba ya pili iko chini ya ile ya kwanza kwa sentimita 25. Basi maji yaleyale, yakiifikia nyumba ya pili, yatasimama sentimita 65 ndani yake. Kwa mtu mzima hapo ni juu ya magoti. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni kifuani au zaidi.

Endeleeni hivyo hatua kwa hatua hadi shuleni, zahanati, kisimani, kwenye transfoma na kwenye njia ya kutokea. Mwishoni rudini mlipoanzia mkapime tena. Tofauti ikizidi sentimita mbili au tatu, kuna mahali mlikosea, rudieni. Kumbukeni pia kwamba vipimo hivi ni vya maji yaliyotulia. Mawimbi huja juu yake.

Yote hayo yawekwe kwenye ramani moja kubwa ya mkono. Si lazima iwe nzuri. Iwe na njia, visima, nyumba na namba za sentimita, na itundikwe mahali ambapo hata asiyehudhuria mikutano ataipita akienda shughuli zake. Watu wataikosoa, watasema nyumba yangu haiko hapo. Wapeni kalamu wairekebishe.

Hatua ya 3: Nani yuko wapi, na nani ataachwa

Katika kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwaka 1991, ambacho kiliua takriban watu 138,000, wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi walikuwa nyumbani na watoto, na wapo waliosubiri ruhusa ya kuondoka au hawakuona makimbilio kuwa mahali pa kwenda. Maji hayakubagua, maandalizi ndiyo yaliyobagua.

Kwa hiyo andikeni orodha ya kila kaya: anayetembea kwa shida, asiyeona, asiyesikia king'ora, mjamzito, mama mwenye mtoto mchanga, anayetumia dawa kila siku, mzee anayeishi peke yake, mgeni aliyepanga juzi na hajui lugha ya hapo. Kila mmoja wao apewe watu wawili wa kumfuata. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa safarini siku hiyo hiyo. Orodha yenyewe isitundikwe ukutani wala kutumwa kwenye kundi la simu. Inaonyesha nani ni dhaifu na anaishi wapi. Ikae kwa watu wawili wanaoaminika, na isasishwe kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 4: Nguzo ya rangi na tahadhari

Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo sasa ni Bangladesh. Miaka miwili baadaye nchi hiyo ilianzisha mpango wa kujiandaa kwa vimbunga unaotegemea watu wa kujitolea wa vijijini: bendera, vipaza sauti vya mkononi, baiskeli, redio, na makimbilio yaliyoinuliwa juu ya nguzo, mengi yake yakiwa shule siku za kawaida. Leo wapo makumi ya maelfu. Vimbunga vikali bado vinaipiga Bangladesh, lakini vifo vimeshuka kutoka malaki hadi maelfu, na katika vya miaka ya karibuni mara nyingi ni makumi. Sijui uwekezaji mwingine wa pwani uliookoa roho nyingi hivyo kwa vifaa vya bei ndogo kama hivyo.

Nanyi mnaweza kuanza na nguzo. Isimikeni imara pale maji yanapoanzia kuingia, mahali panapoonekana mchana na panapoweza kumulikwa usiku. Ipakeni rangi tatu na kuichora sentimita kwa sentimita. Swali gumu ni rangi nyekundu ianzie wapi, na wengi huiweka kwa kukisia. Msikisie. Hesabuni kurudi nyuma.

Tuseme njia ya kutokea inafunikwa maji yanapofika sentimita 120 kwenye nguzo, na siku mbaya maji hupanda sentimita 30 kwa saa. Mtu wenu wa mwendo wa pole kuliko wote, mkimpima kwa saa, anatumia dakika 50 hadi mahali pa usalama. Katika muda huo maji yatapanda sentimita 25. Ongezeni nusu saa ya kuitana na kubeba vitu, sentimita 15. Ukitoa zote kwenye 120, unabaki na 80. Basi nyekundu ianzie 80 au chini yake, na siku hiyo watu wataondoka wakati njia bado ni kavu kabisa. Wataona kama mnawasumbua bure. Ndiyo maana hesabu hii ifanywe hadharani, mbele yao, wakiitaja wenyewe kila namba.

Kila rangi iwe na vitendo vyake, vichache na vyenye jina la mtu. Kijani ni siku za kawaida: mitaro isafishwe, betri za vipaza sauti zijaribiwe. Manjano: wenye shida ya kutembea waondoke sasa, nyaraka na dawa ziingie mfukoni, mifugo ihamishwe, boti zifungwe. Nyekundu: kila mtu anaondoka, na umeme unazimwa.

Nguzo ina udhaifu wake. Inafaa kwa maji yanayopanda taratibu. Dhoruba inaweza kuyaleta kwa ghafla, na usiku hakuna anayeisoma nguzo. Kwa hiyo tahadhari ya mamlaka ya hali ya hewa iwe na nguvu kuliko nguzo: ikitoka, hamsubiri rangi. Chagueni watu watatu wa kuipokea kwa redio na kwa simu, na njia mbili za kuisambaza ambazo hazitegemei mtandao, kwa sababu minara ya simu huwa ya kwanza kuzimika. King'ora, ngoma, kengele, kipaza sauti cha nyumba ya ibada, chochote ambacho kila mtu anakisikia na hakitumiwi kwa jambo jingine kwa mlio huohuo. Tume ya kimataifa iliyochunguza suala la kukabiliana na tabianchi ilitoa makadirio mwaka 2019 kwamba tahadhari ya saa 24 tu kabla ya dhoruba inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30.

Siku mtakapowaondoa watu na maji yasije, itisheni mkutano kesho yake. Elezeni mliona nini na kwa nini mliamua. Mkinyamaza, mara ya tatu hakuna atakayetoka.

Hatua ya 5: Njia na makimbilio

Itembeeni njia usiku, bila taa za barabarani, mkiwa na mzee mmoja na mtoto mmoja. Mtagundua mambo ambayo ramani haiyajui: mfuniko wa mtaro ulioibiwa, lango linalofungwa saa mbili, mbwa. Mashimo yote yaliyo kando ya njia yawekewe vijiti virefu vyenye kitambaa cheupe, maana yakifunikwa na maji hayaonekani.

Fundisheni namba tatu. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi. Madereva ndio wabishi kuliko wote katika hili.

Makimbilio yawe juu ya alama yenu ya juu kabisa, pamoja na ziada ya mawimbi na ya miaka ijayo. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ni mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa siku kwa matumizi yote, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Darasa la mita 7 kwa 8 basi linatosha watu 16. Fanyeni hesabu hiyo mapema, kwa sababu kila mtu hudhani shule moja itameza mtaa mzima. Vyoo vya wanawake viwe na taa na komeo la ndani. Na tengeni mahali pa mifugo; watu wengi hukataa kuondoka kwa sababu ya mbuzi watatu, na hawana makosa, ndiyo akiba yao yote.

Zoezi lifanyike angalau mara moja kwa mwaka, na mara moja lifanyike usiku. La kwanza litakuwa vurugu. Ni afadhali vurugu iwe siku hiyo.

Hatua ya 6: Nyumba, choo na kisima

Nyumbani, mengi ni ya fundi wa kawaida: soketi na swichi zipandishwe juu ya alama ya mafuriko, paa lifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye kuta, sakafu ya nyumba mpya iinuliwe. Nyaraka zikae ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na picha zake kwenye simu ya ndugu anayeishi mbali. Swichi kuu izimwe kabla maji hayajaingia. Yakishaingia, usikanyage maji kuifuata. Mifuko ya mchanga ijazwe nusu hadi theluthi mbili tu. Ukiijaza ikavimba haikai, inaacha mianya. Ipangwe kama matofali, kila mfuko ukikalia maungio ya mifuko miwili iliyo chini, na karatasi ya plastiki itandikwe upande wa maji.

Choo cha shimo katika eneo la mafuriko kijengwe juu ya jukwaa, shimo likiwa limezungushiwa ukuta hadi juu ya alama. Vinginevyo siku ya maji kila kilichomo kinatembea mtaani na kuingia visimani.

Kisima kinahitaji maelezo zaidi. Pwani na visiwani, maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban sentimita 40 chini yake. Mkivuta hadi usawa wa maji matamu ushuke sentimita 10, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 4 kutoka chini. Hiyo ndiyo sababu pampu moja yenye nguvu inaweza kuviharibu visima vya majirani kumi, na ndiyo sababu ya kuvuna maji ya mvua wakati visima bado ni vitamu.

Kisima kikishaingiwa na maji ya bahari, hamu ya kwanza ni kukivuta hadi kikauke. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, huko Sri Lanka, visima vingi vilivutwa mara nyingi mno kwa nia njema, na baadhi vikazidi kuwa na chumvi, au kuta zake zikaporomoka. Ondoeni takataka na tope, vuteni kwa kiasi, tibuni vijidudu kwa klorini, kisha iacheni mvua ioshe ardhi taratibu. Wakati huo mnywe maji ya kuletwa au ya tangi lililofunikwa.

Maji safi kwa macho, yasiyo na chumvi, hutibiwa kwa kuchemsha hadi yatokote kwa dakika moja, au kwa matone mawili ya dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 9, kwa kila lita. Koroga, subiri nusu saa. Yakiwa na ukungu, yachujeni kwanza kwa kitambaa na muongeze matone mara mbili. Klorini haiondoi chumvi. Kuchemsha nako kunaizidisha.

Hatua ya 7: Sasa tuzungumzie ukuta, na mikoko

Wimbi likipiga ukuta wima halifi. Linarudi, sehemu yake inateremka chini na kuchimba mchanga wa mguu wa ukuta. Baada ya miaka ufukwe ulio mbele unatoweka, ukuta unaning'inia, na kwenye ncha zake mbili mmomonyoko unahamia kwa jirani. Uholanzi, baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu 1,836 nchini humo, ilijenga kinga kubwa za bahari kuanzia miaka ya 1950 hadi 1997, kwa hazina ya taifa na matengenezo yasiyokoma. Ukuta wa kijiji usio na fungu la matengenezo ni jambo jingine kabisa. Ukiwa ni lazima, mwulizeni mhandisi maswali matatu: mguu wake utalindwaje, mvua itatokea wapi, na ncha zake zitaishia kwa nani.

Mikoko, nyasi bahari na matumbawe hufanya kazi tofauti: huyachosha mawimbi kabla hayajafika. Mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kulingana na wingi wa miti na mizizi. Lakini kwa maji ya kimbunga yanayopanda, punguzo ni sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita nzima ya msitu. Mstari mmoja wa miche iliyopandwa siku ya mazingira hautazuia kimbunga, na anayewaahidi hivyo anawadanganya.

Nina neno juu ya hizo siku za kupanda. Watu mia mbili na fulana mpya, miche elfu kumi kwenye tope lililo wazi, picha, kwaheri. Mwaka mmoja baadaye hakuna hata mmoja. Kosa huwa lilelile: tope lile liko chini mno, linafunikwa na maji kwa saa nyingi kila siku, na kama mikoko ingeweza kuota pale ingekuwa imeota yenyewe. Mikoko huota kwa kawaida kati ya usawa wa wastani wa bahari na alama ya bamvua kubwa. Kabla ya kupanda, ulizeni: zamani ilikuwepo hapa? Ilikufa kwa nini? Mbegu zinafika? Mara nyingi jibu ni barabara au tuta lililokata njia ya maji, au mbuzi. Fungueni mkondo, zuieni mbuzi, na miche itajileta. Pale ambapo tope limechukuliwa na mawimbi, kama huko Demak kisiwani Java, wamejenga nyua za fito na matawi zinazopitisha maji na kunasa tope, ili ardhi irudi kwanza na miti ifuate. Na msitu uliosimama ni wa thamani kuliko wowote mtakaoupanda. Huko Gazi, pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yameenda kwenye mambo ya jamii kama maji na shule.

Hatua ya 8: Kuhama

Litajeni mapema, wakati hakuna anayelazimishwa. Kijiji cha Vunidogoloa nchini Fiji kilihamia ndani zaidi, mbali na ufukwe, mwaka 2014. Mwaka 2024 familia takriban 300 za kisiwa cha Gardi Sugdub, Panama, zilianza kuhamia bara kwenye nyumba mpya, na baadhi ya watu wakachagua kubaki. Nyumba si sehemu ngumu ya kuhama. Ngumu ni hati ya ardhi mpya iwe kwa jina la nani, makaburi yabaki na nani, mvuvi atafikaje kwenye chombo chake alfajiri, na nani atajenga kwenye viwanja vilivyoachwa. Kama ramani yenu inaonyesha nyumba ambazo bamvua huingia kila mwaka, anzeni kwa kutojenga mpya hapo.

Hatua ya 9: Kitabu na mkebe wa rangi

Fedha za tabianchi zipo, kuanzia bajeti za serikali za mitaa hadi mifuko mikubwa ya kimataifa, lakini ni shida kwa kijiji kuzifikia moja kwa moja. Kwa kawaida hupitia serikali au shirika lililosajiliwa. Ramani yenu ya sentimita, orodha ya visima na taarifa ya mazoezi ndivyo vitakavyowatofautisha na waombaji wenye barua tupu. Vifaa vidogo, betri, rangi, kamba, vichangiwe ndani ya kikundi, visimsubiri mfadhili.

Kamati iwe na daftari moja lenye kurasa zenye namba, na kila anayetoka amkabidhi anayeingia mbele ya mashahidi. Nguzo ipakwe upya kabla ya kila msimu wa dhoruba.

Na maji yakishaondoka, kabla ya fagio, kabla ya kuanika magodoro, mtu mmoja mwenye kazi hiyo azunguke na brashi. Mstari wa tope hudumu siku chache tu, halafu kila mtu ameshaosha ukuta wake. Apake alama nyumba kwa nyumba, aandike tarehe na saa maji yalipofika hapo, kwa rangi ya mafuta. Chaki haitavuka mvua ya kwanza.